Kutafuta mimba: jinsi ya kuzijua siku zako na kukutana kabla yai halijatoka

Wanandoa wengi wanaotafuta mtoto hukosea hesabu mahali pamoja: wanaingoja siku ya yai. Mume anajizuia wiki nzima ili "akiba iwe nyingi", mke anahesabu hadi siku ya 14, kisha usiku huo mmoja unabebeshwa mzigo wa mwezi mzima. Siku ya yai kutoka ni siku ya mwisho ya kushika mimba. Kabla yake kuna siku tano nyingine, na hizo ndizo zinazopotea bure.

Sababu ni kwamba yai lina maisha mafupi. Likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zikikuta ute mzuri kwenye mlango wa kizazi huweza kuishi humo hadi siku tano, kwa hiyo zinazotakiwa kutangulia ni mbegu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox walichapisha utafiti wao juu ya wanawake 221 wa jimbo la North Carolina waliokuwa wakitafuta mimba na kutoa mkojo wao kila siku upimwe homoni. Mimba zilipatikana kwa waliokutana na waume zao ndani ya siku sita zinazoishia siku ya yai, basi. Aliyekutana siku tano kabla ya yai alikuwa na nafasi ya kama asilimia 10, na siku ya yai lenyewe nafasi ilifika kama asilimia 33. Tendo la kesho yake halikumpa mtu mimba.

Kazi iliyopo, basi, ni kuzitambua siku sita hizo kabla hazijaisha.

Anza na daftari

Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku damu nyekundu ya hedhi inapotoka ya kutosha kuvaa pedi. Yale matone ya kahawia ya siku moja au mbili kabla usiyahesabu. Urefu wa mzunguko ni kuanzia siku hiyo hadi siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Andika tarehe za miezi sita, kwenye daftari au kalenda ya ukutani, popote usipopasahau. Usizikisie kwa kukumbuka. "Huwa naingia mwishoni mwa mwezi" haitoshi.

Kinachobadilika kutoka mwanamke hadi mwanamke ni ile sehemu ya kabla ya yai. Sehemu ya baada ya yai, hadi hedhi nyingine, huwa karibu siku 14 kwa wengi, ingawa wapo wa 11 au 12 na wapo wa 16. Kwa hiyo hesabu hupigwa kutoka mwisho. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35 ni karibu na siku ya 21, na akikazana na siku ya 14 atakuwa amewahi kwa wiki nzima. Mwenye siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10, maana yake siku zake za hatari huanza siku ya 5, pengine hedhi haijakatika. Huyu akingoja siku ya 14 kila mwezi, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na yai hata mara moja.

Na hata hiyo 28 ya vitabuni isikutie uvivu wa kuchunguza. Mwaka 2000 watafiti wale wale walionyesha kwamba ni karibu asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote za rutuba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17, zile zinazotajwa na kila mtu.

Kama mizunguko yako inapishana, tumia kanuni hii ya zamani: chukua mzunguko mfupi kuliko yote, toa 18, chukua mrefu kuliko yote, toa 11. Tuseme katika miezi sita mfupi ulikuwa siku 26 na mrefu siku 31. Siku zako zinazowezekana ni kuanzia ya 8 hadi ya 20. Hedhi ikianza tarehe 3 Machi, siku hizo ni tarehe 10 hadi 22 Machi. Ni siku nyingi, najua. Kalenda haiwezi kukupa zaidi ya hapo. Kinachokuja hapa chini ndicho kinachozipunguza.

Programu za simu zinazokutajia siku ya yai kwa rangi na maua nyingi zinapiga hesabu hiyo hiyo kwa tarehe ulizoziingiza. Hazijui chochote kilichotokea mwilini mwako mwezi huu. Zitumie kutunza tarehe. Utabiri wake uuchukue kwa tahadhari, hasa kama mwezi huu uliugua malaria, ulisafiri sana au ulifiwa, kwa sababu misukosuko ya namna hiyo huweza kuchelewesha yai.

Ute, kipimo kisichouzwa dukani

Kama una nafasi ya kujifunza kitu kimoja tu katika mwongozo huu, jifunze ute wako. Haugharimu kitu, na unakupa taarifa kabla ya yai, wakati bado unaweza kuifanyia kazi.

Kila unapoingia chooni, kabla ya kukojoa, jifute mdomo wa uke kwa tishu au kwa kidole safi, uangalie na uguse. Siku chache baada ya hedhi wengi huwa wakavu. Kisha unatokea ute mzito, mweupe au wa manjano hafifu, unaonata na kukatika ukiuvuta. Unafuata ute mwingi zaidi, laini, wenye majimaji, unaolowesha chupi. Halafu kwa siku moja hadi tatu au nne unakuja wenyewe hasa: mwangavu, unateleza, na ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada ukavivuta polepole unarefuka sentimita kadhaa bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Wengine hawauoni ukirefuka lakini wanahisi utelezi wanapojifuta au wanapotembea. Huo utelezi unatosha kuwa ishara.

Siku ya mwisho ya utelezi huitwa kilele, na yai hutoka karibu na siku hiyo, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili za kabla au za baada. Tatizo ni kwamba kilele hukijui mpaka kesho yake, ute ukishakauka. Kwa hiyo usiwinde kilele. Ukiona ute wa majimaji wa aina yoyote, siku zimefunguka. Kutaneni siku hiyo na mwendelee.

Yapo ya kukuchanganya. Shahawa za jana usiku zinaweza kufanana na ute asubuhi, ndiyo maana ni vizuri kuangalia tena mchana. Dawa za mzio na mafua huweza kukausha ute, na vidonge vya kuchochea yai vya klomifeni, ambavyo wengi wanaviita Clomid, pia. Ute unaonuka, unaowasha, wenye mabongemabonge au rangi ya kijani huo ni ugonjwa. Nenda ukapimwe na mume atibiwe pamoja nawe ikihitajika.

Hapa niseme moja kwa moja kwa dada zangu wa pwani, na wa bara pia: shabu, limau, sabuni, tumbaku na "vitu vya kubana" vinavyoingizwa ukeni ni adui wa jambo hili. Ute unaoukausha ili ndoa iwe tamu ndio huo huo unaohifadhi mbegu zako. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya kuosha nje yanatosha. Mate nayo, pamoja na vilainishi vingi vya famasi, hupunguza mwendo wa mbegu. Kama mnahitaji kilainishi, ulizeni kile kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa wanaotafuta ujauzito.

Vipimo vya mkojo

Famasi huuza vikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo vinavyopima homoni ya LH. Homoni hiyo hupanda ghafla, na yai hutoka kama saa 24 hadi 36 baadaye. Ni msaada mzuri kwa mwenye ute usioeleweka.

Anza kupima siku inayopatikana ukichukua mzunguko wako mfupi na kutoa 17. Mzunguko mfupi ukiwa siku 26, anza siku ya 9. Pima kila siku saa ile ile, mchana au jioni, usinywe maji mengi saa mbili kabla, na usome jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Kosa la kawaida ni kukisoma hiki kama kipimo cha mimba, ambako mstari hafifu ni habari njema. Hapa mstari hafifu ni hapana. Jibu ni ndiyo pale mstari wa kipimo unapofanana au kuukolea ule wa kulinganishia.

Likiwa ndiyo, kutaneni siku hiyo na kesho yake. Ila mwenye kuanza siku hiyo ameshapoteza siku tatu au nne nzuri; kipimo kije kuwaongezea bidii mkiwa tayari njiani.

Wenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga utokaji wa mayai, huweza kuwa na LH ya juu muda mwingi, na kipimo kikawaambia ndiyo siku nyingi mfululizo. Anayetumia klomifeni asubiri siku tatu baada ya kidonge cha mwisho ndipo aanze kupima. Na kwa yeyote, kipimo kinasema mwili umejaribu kulitoa yai. Hakithibitishi kwamba limetoka.

Joto la mwili

Baada ya yai kutoka, joto la asubuhi hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na hubaki juu hadi hedhi. Unapima mara unapoamka, kabla ya kuinuka kitandani, kwa kipimajoto chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Joto likikaa juu siku tatu mfululizo kupita siku sita zilizotangulia, yai limetoka.

Faida yake ni uthibitisho, na baada ya miezi mitatu hivi unaanza kuona tabia yako. Kwa mwezi huu haikusaidii kitu, maana likipanda umeshachelewa. Kama una mtoto mdogo anayekuamsha usiku, unafanya kazi ya zamu, au kipindi hicho ni Ramadhani na unaamka kula daku, vipimo vitayumba. Mimi naona mwenye ute unaosomeka anaweza kuiacha hatua hii bila hasara kubwa.

Kupanga tendo lenyewe

Mpango rahisi unaowafaa wengi: hedhi ikikatika, kutaneni kila baada ya siku moja. Ute wa majimaji ukianza, kila siku kama mnaweza, au endeleeni siku moja ndiyo moja hapana. Ute ukikauka, malizeni na siku moja au mbili za nyongeza. Kila siku na kila baada ya siku moja zinakaribiana sana kwa matokeo, kwa hiyo chagueni mtakayoiweza bila kuchoka. Siku mbili kabla ya yai na siku yenyewe ndizo zenye uzito mkubwa.

Kuweka akiba hakusaidii. Mwanamume akikaa siku nyingi bila kutoa, kiasi huongezeka lakini mbegu nyingi zinakuwa zimezeeka na mwendo wake hupungua. Mikao nayo haina tofauti. Kuinua miguu ukutani, mto chini ya kiuno, kulala nusu saa bila kusogea, haya hayajaonyesha faida. Majimaji yanayotoka ukiinuka ni ya kawaida. Mbegu zinazohusika zimeshaingia kwenye ute. Na wanaotaka kupanga mtoto wa kiume kwa kukutana siku fulani, utafiti ule wa 1995 uliangalia pia jambo hilo na haukuona uhusiano wowote kati ya siku ya tendo na jinsia ya mtoto.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya kliniki huliruka. Ujumbe wa saa kumi jioni unaosema "Mume wangu, mistari imekolea, leo usichelewe" umevunja usiku wa watu wengi. Mwanamume anafika saa nne amechoka na foleni, anajua anasubiriwa, na mwili unakataa. Ikitokea mara mbili anaanza kuikimbia siku yenyewe, anatafuta sababu ya kulala sebuleni. Kwa ndoa nyingi ni afadhali mke aijue kalenda, na mume aone tu kwamba wiki hii mkewe amechangamka. Anayetaka kuambiwa, aambiwe. Wapo wanaume wanaopenda kufuata hesabu. Muulize mwanzoni mwa mwezi, siyo usiku wa tukio.

Mume akiwa mbali

Kwa dereva wa lori la Dar es Salaam hadi Lubumbashi, baharia, au aliyeko kazini Muscat, hesabu ya likizo ndiyo kila kitu. Tuseme mizunguko ya mke ni siku 28 hadi 30, na hedhi imeanza tarehe 1 Juni. Yai linatarajiwa kati ya tarehe 14 na 16. Aombe ruhusa ya tarehe 10 hadi 16. Kama ana siku tatu tu, aje tarehe 12 hadi 14. Akija tarehe 15 akaondoka 17, huenda yai limeshapita. Ukilazimika kuchagua, chagua kuwahi. Na ruhusa ya mara moja kwa mwaka haiwezi kutumika kusema kwamba mke hashiki mimba.

Ramadhani haiondoi mwezi: tendo linaruhusiwa usiku, kuanzia futari hadi kabla ya alfajiri. Mwenye mzunguko mfupi anayesubiri twahara, damu ikikatika siku ya 7 na yai likaja siku ya 10, bado ana siku tatu nzuri. Aoge, wasingoje.

Kabla na pembeni ya hesabu

Uliyekuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, uwe na subira ya peke yake. Kwa wastani wanawake hushika mimba kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na hedhi inaweza kuwa ya kuruka-ruka kipindi hicho. Kijiti, kitanzi na vidonge vya majira hurudisha uzazi haraka zaidi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Anayenyonyesha anaweza kuwa hatoi yai kabisa, au likatoka hata kabla ya hedhi ya kwanza kurudi.

Meza asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki 12 za ujauzito. Inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na mgongo hufunga mapema kabla wengi hawajajua kama ni wajawazito.

Mume naye ana yake. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo sigara anayoiacha leo matokeo yake yanaonekana baadaye. Homa kali hushusha mbegu kwa wiki kadhaa. Sindano za testosteroni za kujaza misuli huweza kuzikata kabisa, jambo ambalo wauzaji wa gym hawalisemi.

Kama mmoja wenu ana VVU, msianze kukutana bila kondomu kabla ya kuongea na kliniki ya matibabu ya VVU, yaani CTC, au CCC kwa walioko Kenya. Mwenye kumeza dawa vizuri na virusi vyake kutoonekana kwenye kipimo haambukizi kwa njia ya tendo, na asiye na virusi anaweza kupewa dawa kinga, PrEP. Huko watawasaidia kuchagua wakati.

Mkishafanya hivi

Subiri hedhi ipite siku yake ndipo upime mimba. Kupima siku ya tano baada ya yai ni kununua huzuni. Na mkilenga vizuri kabisa, nafasi ya mwezi mmoja bado ni kama moja kati ya tatu au nne kwa vijana, na hupungua kwa umri. Zaidi ya wanandoa wanane kati ya kumi hushika ndani ya mwaka mmoja.

Nendeni hospitali mkitimiza mwaka bila mafanikio. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi sita. Msingoje kabisa kama mizunguko iko chini ya siku 21 au juu ya 35, hedhi haiji, mke aliwahi kuugua maambukizi ya nyonga au mimba kutunga nje ya kizazi, au mume aliwahi kupasuliwa korodani. Nendeni wawili. Upande wa mume unahusika katika karibu nusu ya matukio, na kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu kuliko vingi vya mke: asitoe kwa siku mbili hadi saba, sampuli yote iingie kwenye kichupa cha maabara, hasa matone ya kwanza, na ifike ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili ili isipoe.

Mke huandikiwa kipimo cha damu cha projesteroni kuona kama yai lilitoka, na wengi huambiwa waende siku ya 21. Hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Damu inatakiwa ichukuliwe karibu siku saba kabla ya hedhi inayofuata: mwenye siku 35 aende siku ya 28, mwenye siku 24 aende siku ya 17. Fungua daftari mbele ya daktari kabla hajaandika tarehe.